Wameupima Moyo Wangu, Mama

Kwihara, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kwanza. Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua macho yako yangeruka mistari yote kwenda kulitafuta huko chini. Nakula, nalala, na shangazi ananishindilia ugali utadhani ananinenepesha kwa ajili ya Krismasi. Goti lako linaendeleaje? Baba kikohozi kimemwachia? Na mvua za huko Ziba zimeshika, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine?

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Nikitaja tu mbio, unaniambia mtandao unasumbua, kisha unakata. Mama, sijawahi kuona mtandao unaochagua maneno ya kusumbua. Karatasi haikatiki hivyo. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Nimempa jirani yetu anayekuja huko mnadani kununua ng'ombe, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Kazi bado ni ile ile, dukani kwa Bi Zuwena, yule mama wa Kiarabu wa mjini anayeuza asali na nafaka. Napima mchele, nafagia, namsikiliza akigombana na wateja wake wa tangu ujana. Nilipomwambia nataka kuwa askari alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Wewe? Juzi umeona panya, umepanda juu ya gunia!" Lakini tangu siku hiyo ananiruhusu kuchelewa asubuhi ili nikafanye mazoezi, na ananiwekea chai.

Mazoezi tunafanyia kwenye uwanja karibu na Kipalapala, vijana wa huku wanaotaka kuingia polisi. Anayetufundisha ni koplo mstaafu, Afande Masele, mzee mwembamba mwenye filimbi na ulimi mkali. Tunapiga pushapu, tunaruka kichura, tunajaribishana maswali ya usaili, kisha mchakamchaka hadi Kwihara na kurudi. Mimi nikilegea ananiambia, "Dada, mwizi hatakusubiri uvute pumzi." Wenzangu wengi wanaishi mjini, kwa hiyo asubuhi nakwenda uwanjani peke yangu, nakimbia kutoka kwa shangazi kabla jua halijawa kali.

Njia ninayoshika ni ile ya zamani, waliyopita wapagazi wetu na meno ya tembo kwenda pwani. Shangazi haipendi. Anasema babu yake aliwahi kubeba, na aliwasimulia kwamba mtu akianguka safarini walimlaza pembeni, wakagawana mzigo wake, wakaendelea, kwa kuwa msafara haukusimama. "Hao waliolazwa pembeni nani aliwarudia?" ananiuliza. "Ukisikia mtu nyuma yako, wewe usigeuke." Nilimcheka. Siku hizi simcheki.

Maana namsikia, Mama. Unakumbuka raba za Kulwa, ile ya kulia iliyoachia soli, akakataa kuipeleka kwa fundi kwa sababu alisema inampigia ngoma? Nikishapita nyumba za mwisho naisikia. Nyayo zangu mbili, na nyuma yangu ile soli inapiga chini, chwa, chwa, mwendo wake ule ule wa kutaka kunipita bila kuonekana anajitahidi. Nikisimama, inasimama. Mara ya kwanza nilikimbia hadi uwanjani bila kuhema, na Afande Masele akanisifu. Sikumwambia sababu. Kisha nikazoea kidogo, nikawa namsemesha: "Kulwa, kama unataka kunipita, nipite tuone." Hapiti. Anabaki palepale nyuma ya bega langu, na mgongo unakuwa wa baridi hata jua likiwa limeshachomoza.

Sasa niandike lile ambalo nyumbani kwetu halijasemwa. Kulwa alianguka kando ya lambo akijiandaa na usaili huu huu wa polisi. Hatukufika naye hospitali akiwa hai. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi, pengine tangu kuzaliwa, na akasema pacha wake naye apimwe. Wewe ulinishika mkono pale kwenye korido ukasema, "Huyu hapimwi." Tulipofika nyumbani, Bibi akatukusanya wote akasema pacha haliliwi, kwamba chozi la mama humvuta aliyebaki amfuate mwenzake. Hukulia, Mama. Mwanao wa kiume amezikwa na hukulia. Nilikuona kwenye foleni ya mashine ya kusaga, umeuma pindo la kanga, ukamwambia mama wa jirani ni vumbi la unga. Ulikuwa unanilinda mimi. Na ndiyo sababu ya kukata simu, najua.

Mimi nimeishi mwaka mzima na moyo ambao sijui kama ni wake. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nausikia unagonga, nageuka haraka nisiuhesabu. Nilijua polisi hawachukui mtu bila kumpima, na nadhani nilikwenda kwa sababu hiyo pia, siyo kwa ajili ya sare peke yake. Ungekuwepo ungenizuia. Ndiyo maana sikukuambia siku.

Usaili ulifanyika mjini. Walianza na vyeti, wakaja urefu, wakaja kutukagua miili kama tuna michoro. Askari wa kike aliziona chale zetu za kifuani akauliza ni nini, nikasema ni za mapacha, kwetu tunachanjwa. Akasema, "Hata mimi shangazi zangu wanazo," akaniruhusu nivae. Kisha tukapangwa uwanjani, umati wa vijana, na inspekta akawa anaita majina kwa kipaza sauti. Akaita, "Kulwa!"

Nikaitika, "Afande!" na nikapiga hatua mbele.

Utanilaumu? Si ndivyo mlivyotulea? Akiitwa mmoja waitike wote, akipewa mmoja wapewe wote, na anayebaki amekaa mwenzake akiitwa anakimbizwa na fimbo ya Bibi kuzunguka zizi. Mguu ulijiendea wenyewe. Nilipotazama pembeni nikaona msichana mwingine, mnene kidogo, mwenye fulana ya bluu, naye ametoka mstarini.

Inspekta akatutazama. "Kulwa ni nani hapa?"

"Mimi, afande," akasema yule msichana.

"Na wewe?"

"Doto, afande."

"Nimemwita Doto?"

"Hapana, afande."

Uwanja mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Nadhani ni mtu wa kwetu, maana alishusha kipaza sauti akaniuliza taratibu, "Kulwa wako yuko wapi?"

"Ametangulia, afande."

Alitazama orodha yake. Kisha akasema, "Rudi mstarini. Ukiitwa wewe, ndiyo uje."

Nilirudi. Baadaye yule msichana alinifuata, akaniambia Doto wake anauza vitumbua Nzega na anampigia simu kila saa kumuuliza amefika wapi. Simu ikaita tukiwa tunaongea. Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu, wala sikuwa na wa kumlaumu.

Mbio zilianza jua likiwa kali. Nilimsikia Kulwa tangu filimbi ilipolia, kwenye lami kabisa, katikati ya watu wote wale na viatu vyote vile. Njia nzima nilikuwa nangoja kifua kinifanye kama chake kilivyomfanya. Niliona vijana wenye miguu ya swala wakikaa pembeni wakitapika, na kila mmoja aliyekaa nilitamani kumwambia ainuke, asilale pembeni. Nilifika. Sikufika mbele wala mwisho, nilifika katikati na wengine, nikajilaza kwenye majani nikiwa nimeweka mkono kifuani, na moyo ulikuwa unapiga, unapiga, haukuacha.

Siku iliyofuata tukapelekwa kupimwa. Nilimweleza daktari yote, hadi la kwenye korido. Alikasirika kwanza, akaniuliza kama nina akili, kukimbia hivyo bila kupimwa. Alikuwa na haki. Kisha akanilaza, akanipaka kitu cha baridi kifuani, akageuza kioo cha mashine nione. Niliuona moyo wangu, Mama. Unafumba na kufumbua kama kiganja cha mtoto aliyelala.

Akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mzima."

Nikamwambia, "Tazama tena."

Akatazama tena. "Mzima kabisa. Hauna kasoro."

"Lakini sisi ni mapacha, daktari."

"Mvulana na msichana," akasema. "Hao ni ndugu wawili tu waliopanga chumba kimoja. Yeye alikuwa na moyo wake, na wewe una wako."

Ungedhani nilishangilia. Nilimkasirikia. Mungu anisamehe, nilitaka akute hata kidonda kidogo, kasoro yoyote, kitu kimoja ambacho bado tunacho wote wawili. Maisha yangu yote nimeambiwa sisi ni kitu kimoja, na mgeni mwenye koti jeupe ananitenga na ndugu yangu kwa maneno ya kawaida kabisa, kisha ananipa tishu nijifute mafuta. Nilikaa kitandani pale nikalia. Nililia kwa sauti, hadi muuguzi akafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Jina langu limebandikwa. Limeandikwa Doto, peke yake, na tunaondoka kwenda depo kwenye mafunzo juma lijalo. Usidhani mambo yote yamekaa sawa. Jana nilikimbia, na alikuja. Sijui atanifuata hadi huko au ataishia mpaka wa Tabora, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaniogopesha zaidi. Ninachoomba ni baraka yako. Bila hiyo nitakwenda, lakini nitakwenda vibaya.

Nisalimie Baba, mwambie asivute tumbaku ya jirani akidhani simjui. Mjomba mchungaji wa ng'ombe, mwambie dua zake zimefika. Dada mkubwa na watoto wake wote, hata yule anayeuma watu. Mwalimu wa kwaya aliyetuimbia siku ya mazishi, mshukuru, sikupata nafasi. Bibi mpe shikamoo yangu kwa magoti yote mawili, na umsomee sehemu za kuchekesha tu.

Na wewe, ukimaliza kusoma, usinipigie kwanza. Funga mlango wa chumba chako ukae chini umlilie mwanao. Lia hadi uchoke. Moyo wangu wameupima, Mama, hautafuata mtu.

Mwanao akupendaye,
Doto