Taulo ya Kichwa, Taulo ya Kukalia

Whakatāne,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kia ora, Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na vumbi la Kalgoorlie halijakumaliza kifua. Sisi huku hatujambo. Bibi hajambo, tena hajambo kupita kiasi, utajionea mwenyewe nikiendelea. Shangazi Arapera anakusalimu na anauliza kama huko mgodini wanakupa kome, na kama hawakupi, basi unakaa huko kufanya nini.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Lakini unanijua. Ukipiga kwa video, nikiuona tu uso wako, maneno yote yananikimbia, nabaki kusema niko poa, na wewe unasema poa, halafu tunatazamana kama samaki wawili kwenye mabeseni tofauti. Mwezi uliopita uliniuliza kama msimu huu nitarudi kwenye ngalawa, nami nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Niliziba kamera kwa kidole. Barua hii ndiyo jibu lako, ila naomba univumilie, kwa sababu jibu lenyewe limepita njia ndefu na Bibi amekaa katikati ya njia hiyo.

Nianze na shukrani. Ile miwani ya uhalisia pepe ilifika salama. Ulisema kama mimi siwezi kwenda jimu kwa kuogopa macho ya watu, basi jimu itanifuata sebuleni. Wazo zuri, Baba, ila hukumtayarisha Bibi. Siku ya kwanza niliivaa nikacheza mpaka nikalowa jasho, nikaivua, nikaiweka mezani, kando kabisa ya sahani ya mkate wa kukaanga. Sijui nilikuwa nawaza nini, mimi niliyelelewa nikijua kichwa ni kitakatifu na hakichanganywi na chakula. Kitu cha kichwani, kimelowa jasho la kichwa, juu ya meza ya chakula! Bibi alitoka jikoni na bakuli la kome, akaona, akasimama. Hakugomba. Aliniuliza taratibu kama siku hizi nyumba hii tunakula vichwa. Mkate wote ulikwenda kwa kuku. Meza ikasuguliwa. Miwani ikaombewa sala ndefu kuliko ile ya harusi ya Shangazi, kisha ikapigiwa msumari wake ukutani, karibu na kofia ya Babu, na Bibi akasema sasa Babu ataichunga isirudi mezani.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi kila nikitoka shule. Nilikuwa nafunga mapazia, navaa miwani, napigana ngumi na watu wasiokuwepo, navuta kafi kwenye bahari isiyo na maji. Humo ndani kuna bwana mmoja wa Kiingereza anayekusifu hata ukikosea. Nilimzima sauti. Nilichokipenda ni kwamba humo hakuna anayenitazama, hakuna anayeona mapaja yangu wala shingo yangu ikiwa nyekundu. Nikasahau kwamba aliyefunikwa macho ni mimi tu.

Alhamisi moja wanawake wa jiko la marae, ukumbi wetu wa ukoo, walikuja kwa Bibi kuzungumzia jiko jipya la gesi. Walipitia mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa katikati ya pambano, napiga, nainama, napumua kama ng'ombe. Nilipovua miwani, nikamkuta Shangazi Arapera na wenzake wanne wamekaa mstari mmoja kwenye kochi, vikombe vya chai magotini, wametulia kama watu wa sinema. Shangazi akaniambia niendelee, yule mtu bado anapumua. Mwenzake akasema jamani mwacheni, huenda ana watoto. Wa tatu akataka kujua kama yule niliyekuwa nampiga ni mwalimu wangu wa hesabu. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi peke yake hakucheka. Alinitazama mikono, akasema mkono wa kushoto mvivu, kama wa baba yake.

Nikaapa sitaigusa tena. Ilikaa kwenye msumari siku kadhaa. Kisha siku moja natoka shule nakuta mapazia yamefungwa, naingia, namkuta Bibi. Kajifunga kitambaa chake kichwani, kavaa juu yake miwani, sketi ya kanisani kaipandisha magotini, anarusha ngumi. Ile taa ya mezani uliyomletea kutoka Perth ilikuwa tayari chini. Pole, Baba. Alisema haikuwa taa nzuri.

Tatizo ni kwamba Bibi akivaa miwani hawezi kuvaa kile kifaa cha masikio, kinapiga mbinja. Kwa hiyo haoni, na hasikii ila kelele. Nikabaki na kazi moja tu, kupiga kelele. Bibi, kabati! Bibi, kushoto! Bibi, rudi nyuma, huo ni ukuta! Mimi huyu, Baba, ambaye mwalimu wa Kimaori na mwalimu wa Kiingereza, watu wasiokubaliana juu ya jambo lolote, wote wawili wameandika kwenye ripoti yangu kwamba sisikiki. Jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu anauawa. Nikamjibu hapana, ni Bibi anafanya mazoezi, naye akasema basi amwonee huruma huyo mwingine.

Tukawa tunapokezana, mimi na kitambaa changu, yeye na chake, vichwa visichanganyike. Lakini baada ya muda Bibi akachoka na maadui wa hewa. Alisema ukimpiga mtu ni lazima usikie umempiga, la sivyo ni kujidanganya. Akataka vyuma. Shangazi Arapera huenda kwenye ile jimu iliyo nyuma ya duka la samaki na chipsi, na Bibi akaamua tutakwenda naye. Alisema "tutakwenda" huku akinitazama mimi. Nikamkumbusha kwamba bega langu linauma, lilelile lililonitoa kwenye ngalawa. Akasema vizuri, utanibebea mkoba kwa lile jingine.

Basi fikiria mwanao, ambaye alikuwa hajawahi hata kuusukuma mlango wa jimu, anaingia nyuma ya bibi kizee wa sketi ya kanisani, muziki unadunda mpaka kwenye meno. Nilishika mkoba kama ngao. Kijana wa pale anaitwa Tipene, mpole, mikono kama magogo. Akampeleka Bibi kwenye benchi, akamwonyesha unavyolala chali na kusukuma chuma juu. Wakati huohuo mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile akainuka, na jasho la makalio yake likabaki pale kama ramani. Bibi akaitazama ramani. Akatazama mahali kichwa chake kingelala. Palikuwa palepale. Akaniita, akaniambia sikioni nimweleze yule kijana.

Nikamwomba amweleze mwenyewe. Akasema yeye mgeni pale, na mgeni hamfundishi mtu kwake, tena midomo yangu ipo na ameilisha yeye. Nikamsogelea Tipene nikanong'ona. Akasema ee? Nikanong'ona tena. Akaonyesha masikio, muziki ule. Ndipo nikavuta pumzi ya miwani, ile ya "Bibi, kabati!", nikapaza sauti: "Kichwa hakilazwi mahali watu wanakalia matako!"

Na muziki ulikuwa umekatika sekunde ileile, Baba. Wimbo ulikwisha. Jimu nzima ikasikia, pamoja na watu waliokuwa wanasubiri chipsi mlango wa pili.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli ya mazoezi akasema ni kweli, yeye miaka yote amekuwa akilala pale na nafsi inamsuta. Tipene akajishika kichwa, akasema nyanya yake angemchapa, yeye alishaacha hata kuliona. Shangazi Arapera alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo jimu ile ina taulo za aina mbili, za bluu za kichwa, nyekundu za kukalia, na mgeni akikosea wanamwambia mwulize yule binti wa matako. Ndilo jina langu huko. Ungeniambia mwaka jana kwamba nitaitwa hivyo hadharani nami nitarudi kesho yake, ningehama nchi.

Lakini nilirudi. Bibi akinyanyua, mimi namhesabia, kwa sauti, maana hasikii vizuri na muziki haumhurumii. Nikiacha kuhesabu anaacha kunyanyua na kuuliza kama nimekufa. Akimaliza yeye nanyanyua mimi, naye ananihesabia, ingawa anahesabu anavyotaka, akiona naweza zaidi anarudi nyuma kwenye namba. Mwanzoni nilikuwa natetemeka kwa vyuma ambavyo Shangazi anavitumia kuzuia mlango. Sasa sitetemeki. Nakula kama wewe. Ninapanda ngazi za shule nikiongea. Siku nyingine natoka pale na mikono imekuwa uji, tunanunua chipsi, tunakaa kwenye ukuta mimi na Bibi tunakula, na najiona niko ndani ya mwili wangu, sijui nieleze vipi, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta viti viko palepale.

Sasa nakaribia lile jibu.

Atawhai, nahodha wa timu yetu ya ngalawa ya wasichana, naye hufanya mazoezi pale. Jumatatu alinikuta namhesabia Bibi. Akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mpiga sauti wao, anayewaamuru wavutaji wabadili upande wa kafi, amehamia Hamilton na bila mtu wa kiti cha tatu watajitoa kwenye mashindano ya Novemba. Nikamwambia bega. Nililisema haraka, kama kawaida. Bibi alikuwa amekwisha kuvaa kifaa chake cha masikio. Akaniuliza, mbele ya Atawhai, lile bega lililokuwa likisukuma chuma dakika ile lilikuwa la nani.

Baba, bega langu haliumi. Liliuma wiki moja tu, baada ya wewe kuondoka, kisha likapona, nami nikaendelea kuliuguza kwa sababu lilinisaidia. Ukweli ni huu. Tangu niko mdogo, kwenye ngalawa ni wewe uliyekuwa unapiga sauti. Hap! na Ho! vyako ndivyo vilivyokuwa vinanibadilisha upande, sikuwa nafikiri, mwili ulikuwa unasikia tu. Ulipokwenda Australia, akakaa mtu mwingine, sauti yake nzuri tu, lakini kila aliposema Hap machozi yalinitoka, na mtu hawezi kuvuta kafi huku analia, wenzake watamwona. Ndiyo maana niliacha. Sikutaka kukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukarudi, na najua kwa nini uko huko.

Nilimwambia Bibi haya yote pale ukutani, chipsi zikapoa. Hakuniambia pole. Alifuta mikono, akaniuliza nadhani wewe ulifundishwa na nani. Kisha akasimama, kwenye maegesho ya magari, na lile koti lake la kijani, akapiga: "Hap!" Na nilikuwa nimekwisha kugeuza mikono, Baba, nikiwa nimeshika uma wa mbao, nimebadili upande. "Ho!" Ni sauti yako kabisa. Au yako ni yake. Watu kwenye foleni wakageuka. Akaniambia zamu yangu. Nikapiga. Akasema hasikii. Nikapiga tena. Akasema kifaa hiki kibovu, hasikii. Mara ya tatu mbwa wa mwenye duka akaanza kubweka, naye Bibi akakaa akaendelea kula.

Jana asubuhi tuliingia mtoni. Atawhai yuko mbele, mimi wa tatu, maji yamejaa kwa ajili ya mvua. Safari ya kwanza sauti haikutoka, kila mmoja akabadili upande wakati wake, tukayumba nusura ngalawa ipinduke. Atawhai akageuka akaniambia, wewe binti wa matako, leo umeiacha wapi? Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko hichohicho ikatoka. Hap! Nikasikia makafi sita yakiingia majini kama moja. Sikulia. Sikukumbuka kutazama nani ananitazama.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Na ungamo la mwisho, dogo: zile pointi za miwani unazoziona kwenye simu yako na kuwaringia wenzako mgodini, za asubuhi zote ni za Bibi. Ameniomba usizifute, yuko karibu kumpita mtu fulani wa Brazili.

Shangazi anasema chumba chako kimefagiliwa, wewe ulete miguu yako tu. Tipene anakusalimu ingawa hakujui. Bibi anakubusu kwenye paji la uso na anasema kula mboga, na lala mapema, na mkono wa kushoto uufanyie kazi. Mimi nakukumbuka kila siku, lakini sasa nakukumbuka bila kuumwa.

Ukipata likizo ya Novemba, njoo usimame ukingoni, pale mto unapokata kona. Tutakuwa ngalawa nyingi na zote zinafanana kwa mbali. Usihangaike kututafuta kwa macho. Utanisikia.

Mwanao akupendaye,
Kiriwai