Mama, Ahadi Yako Ilisikika Mji Mzima

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka na kiti chako cha studio kikapata mtu mwingine. Redio tunaiwasha kila asubuhi kwa mazoea. Anayesoma matangazo sasa ni yule binti uliyemfundisha mwenyewe. Anasoma vizuri, ila hana kile kikohozi chako kidogo cha kutuandaa kwa habari mbaya.

"Redio ya umma ni ya kila mtu," ulizoea kusema. Kwa hiyo kabla ya kutangaza maji kukatwa au barabara kufungwa, ulishuka na karatasi hadi getini ukamsomea mlinzi. "Umeelewa, mwanangu?" Akikuna kichwa, ulirudi juu ukaiandika upya. Wakubwa walinung'unika kwamba unachelewesha mambo. Wewe ukacheka tu, ukashuka tena.

Nyumbani ulikuwa mkimya. Baba alikutania kwamba maneno matamu yote unayamaliza kazini, yeye unamletea makombo.

Lakini tunalokushukuru kuliko yote lilitokana na kosa. Mkwe wako alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na madarasa ya jioni yamemlemea. Alasiri moja akakufuata studio kukwambia anaacha. Ulikuwa umeweka wimbo, naye akakumwagia ya moyoni.

"Mama, siwezi tena. Huyu mtoto nitamwacha na nani?"

"Na mimi. Vitabu usivitupe, mwanangu. Kila jioni mlete kwangu, nitambeba mpaka aote ndevu."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa anapunga mikono kama anayefukuza nyuki. Ukadhani anasalimia, nawe ukampungia. Ikabidi aje mbio mwenyewe: "Mama, kipaza sauti hujakizima! Mko hewani!"

Ukaitazama taa nyekundu. Ukamtazama mkwe wako, aliyekuwa anatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha ukasogea karibu na kipaza sauti: "Wasikilizaji, samahanini sana. Lakini kwa kuwa mmeshasikia, basi nyie ndio mashahidi."

Baada ya hapo angeachaje? Muuza mboga alimkodolea macho: "Wewe si yule mkwe wa redioni? Saa hizi unachagua nyanya, darasani kakaa nani?" Fundi viatu naye akamfukuza kibandani: "Nenda kasome, kiatu utakikuta." Mji mzima ukageuka shangazi zake.

Nawe hukurudi nyuma. Mjukuu alipozaliwa, ukitoka kazini ulikuja moja kwa moja kumpokea. Ulimfunga mgongoni, ukamnong'onezea matangazo ya kesho mpaka usingizi ukamchukua.

Ulipoondoka, mkwe wako aliona masomo yake nayo yamezikwa. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Siku ya darasa alikaa kitandani, mtoto mapajani, viatu hajavaa. Baba akaingia, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo."

"Baba, utamweza?"

"Sijui. Ila mke wangu aliahidi mbele ya mji mzima. Unataka niitwe mume wa mwongo?"

Wimbo wa kubembeleza hajui hata mmoja, Mama. Humwimbia mlio wa taarifa ya habari, ule wa ngoma na tarumbeta, na mtoto analala hivyo hivyo.

Matokeo yametoka. Mkwe wako amefaulu! Nafasi ya chuo cha ualimu ameipata, na Baba ameshasema mtoto haendi popote, atabaki naye.

Wanaokukumbuka kwa shukrani ni mume wako; mwanao wa pekee; mkwe wako, uliyemwita mwanangu tangu siku ya kwanza; mjukuu wako, ambaye bado anachungulia nyuma ya redio kukutafuta; dada zako wawili; na wenzako wote wa studio.

Pumzika, Mama. Ahadi yako imetimia. Yetu ni kukukumbuka, leo na siku zote tulizojaliwa.