Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Akiru mjukuu wangu,

Ejok? Huku Lodwar hatujambo. Goti la mama yako limepona, na mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza utajuaje kama hilo gari la petroli na betri, lililokwisha tumika, litakufaa huko Nairobi. Mimi si fundi. Nitakueleza tu kuhusu gari dogo moja tuliloenda kuliona Kakuma na babu yako, miaka ya tisini.

Lilikuwa jeupe, linang'aa, na injini ilinguruma vizuri. Babu yako alishaanza kutabasamu. Muuzaji, mwalimu mmoja mpole, aliapa kwamba halijawahi kuingia maji. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akainama, akasalimu kwa sauti ndogo, "Ejok."

Nikachungulia. Hamkuwa na mtu.

Nikaingia, nikaketi, nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, maana huko ndani hakuna anayeosha. Ukatoka na tope kavu la laga, ule mto wa msimu, na shanga tatu za mtoto zimeganda humo. Gari lilikuwa limesombwa na mafuriko.

"Nani alikuwa anakaa hapa?" nikauliza.

Mwalimu hakukasirika. "Sogea kidogo, mama," akasema. "Umemkalia."

Tulirudi nyumbani kwa lori la mbuzi.

Kwa hiyo vuta mikanda yote, hasa ya nyuma, kwa sababu betri kubwa ya magari hayo mara nyingi hukaa chini ya kiti hicho, na maji huiua.

Hilo ndilo ninalolijua. Nisilolijua mpaka leo, Akiru, ni kwa nini nilisogea.

Bibi yako