Neno la Anaeli

Jumatatu, 3 Juni 1912
Binti yangu Anaeli mwaka wa tano huu, na neno lake ni lile lile: "mm". Akitaka maji, "mm". Akiumia, "mm". Na masikio anayo! Sauti ya baba yake ikisikika tu njiani, yeye huyoo, mbio.
Leo kwenye mfereji mama mkwe kasema mbele ya wanawake wote kwamba kosa ni langu. Eti tangu nifundishwe kuandika misheni, maneno ya mtoto nayamalizia kwenye karatasi. Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 5 Juni
Sitaki kuandika. Je, kama ni kweli?

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kamwita Bibi Nosim wa Kimandolu, yule anayekata kimio — kile kinyama kinachoning'inia kooni, eti ndicho kinachozuia maneno. Anakata kwa kisu cha kunyolea! Nikamwambia mume wangu Sumari, baba Anaeli, mtoto atakufa kwa damu. Sumari akasema amechoka kuitwa baba wa bubu. Kisha akalia. Mwanamume mzima! Nikashindwa hata kumkasirikia.

Jumapili, 9 Juni
Bibi Nosim kaja kumwangalia mtoto. Nikamwamkia, nikampa maziwa. Akamfunua kinywa, akacheka. Usihuzunike mwanangu, akasema, haya yako kila mahali. Akaanza kuwataja: mjukuu wa mzee fulani kule Lemara, kigugumizi. Mtoto wa mwalimu, matamshi hayaeleweki. Binti wa Resiato, jirani yake mwenyewe, haongei kabisa.
Loo! Kumbe! Nami nilidhani niko peke yangu chini ya mlima huu. Kila mama kamficha wake ndani, kama nilivyomficha wangu. Basi si karatasi. Resiato hajui hata a. Nilicheka huku machozi yanatoka.
Halafu nikauliza: na hao uliowakata, bibi, sasa wanasema?
Akajipangusa mdomo. Kazi yake ni kukata, akasema, kusema ni kwa Mungu.
Sumari alisikia. Alisikia vizuri kabisa! Akatazama chini. Mama yake akasema keshokutwa asubuhi, na hakuna aliyepinga ila mimi. Na mimi ni nani?

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda kwa mchungaji. Kasema hata kwao Udachi, huko Ulaya, watoto wa namna hii ni wengi, wengine huchelewa tu, niombe na kuvumilia. Nikamsihi aje amwambie mama mkwe hayo hayo. Ana safari ya Moshi. Haya, safari njema.

Jumanne, 11 Juni
Nimetoroka. Alfajiri, mtoto mgongoni, ukungu mzito, mpaka Kimandolu kwa Resiato. Sikuwa namjua! Nikamwambia nina mtoto kama wako. Hakuuliza kitu, akatuingiza kwenye banda la ndama. Binti yake Namelok alikatwa kimio mwaka jana. Bado haongei, na tangu siku ile akimeza anakunja uso.
Yeye na Anaeli wako hapa kwenye majani, wanapeana vigunzi vya mahindi. "Mm." "Aa." Wanacheka, wanaelewana wenyewe.

Bado Jumanne
Sumari yuko nje. Na Nosim. Nilijua, jina la Resiato alilisikia Jumapili. Resiato anawaambia hajaona mtu. Naandika ili nisipige kelele.
Sumari anaita. "Anaeli! Anaeli, mama!" Sauti imemkauka, maskini.
Mtoto kaacha vigunzi. Kasimama. Midomo anaibana na kuiachia — hajawahi kufanya hivyo — "b", "b" —
Nimemziba mdomo kwa mkono wa kushoto.
Mungu wangu, miaka yote nakuomba aseme, leo nimemziba! Nikimwachia akasema "baba", Sumari atasikia na kisu hakina kazi tena. Nikimwachia ikatoka "mm" ile ile, wametukamata.
Nyayo zinakuja bandani. Midomo yake bado inasukuma kiganja changu —