Samaki wa Mama

Kwihara, Tabora
Jumatatu jioni

Dada yangu Adelina,

Shikamoo dada. Habari za Kigoma, habari za shemeji na watoto, na kile kifua cha mdogo kimepona? Sisi huku tupo, mvua imetubipu tu halafu ikakata.

Mama anaendelea vizuri. Mdomo umerudi mahali pake, mkono wa kushoto unashika kikombe, na ulimi ndio kabisa, ananisema kuanzia asubuhi. Kwa hiyo usiogope ukisoma huko chini. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha, na hili jambo lenyewe hata mimi bado limenivuruga.

Uliniuliza kama migebuka unaowatuma na treni wanamsaidia. Dada, nikujibu nini? Unakumbuka Mama alipopata kile kiharusi kidogo, mimi ndiye niliyekupigia kelele, samaki wa mafuta, samaki wa mafuta. Nilikuwa nimesoma kibandani kwangu, katikati ya simu za watu ninazotengeneza, kwamba mafuta ya samaki yana kitu kinaitwa omega tatu na wanaokula samaki hawapati sana kiharusi. Kesho yake nikasoma wengine wanasema wamewapa watu vidonge vya mafuta hayo na hawakuona tofauti. Nikasoma tena, wengine wanasema vidonge hivyo kwa mtu mwenye afya yake vinaweza hata kumletea shida ya moyo. Na wote ni madaktari. Nikaona isiwe tabu, nitapima mwenyewe.

Nikanunua mashine ya presha, nikawa nampima Mama kila Jumapili tukitoka kanisani. Dada, ilikuwa inashuka. Kila wiki inashuka. Jana nikashindwa kuvumilia, nikasimama kwenye jumuiya yetu nikawaambia watu samaki wa Kigoma wanafanya kazi. Mzee Xavery akauliza kama basi aache vidonge vyake vya presha. Sikumwambia aache. Lakini na kumwambia asiache sikumwambia, nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha mashine, nikajifunga mwenyewe mkononi waone inavyofanya kazi.

Ikaja namba ya juu kupita hata ya Mama siku ile tulipomkimbiza hospitali. Watu wakacheka. Mama Recheli, jirani yetu, akasema mashine nayo imechoka kunisikiliza. Nikabadili betri, nikaifungua, nikaifunga, si ndio mimi fundi. Namba ileile. Nikaanza kuwaza kwamba basi hata za Mama zilikuwa za uongo.

Leo asubuhi nikamchukua Mama twende zahanati, nesi Magreth atupime wote kwa mashine yake. Ya Mama nzuri. Yangu mbaya. Akanikalisha nipumzike, akapima tena, mbaya. Akauliza ninakula nini. Nikamwambia kwa maringo kabisa, samaki wa mafuta, mchana na jioni. Akauliza kama ni wabichi. Nikasema wa chumvi, wabichi watafikaje na treni? Akasema chumvi yote hiyo, halafu kichwa kikikuuma unasingizia simu. Nikabisha, nikamwambia mbona Mama anakula sufuria hiyohiyo na presha yake imeshuka.

Hapo Mama akawa anaangalia mikono yake. Akasema, "Mimi samaki sijamla hata mara moja. Nakupa wewe."

Dada, unajua tunavyokula kwetu. Mimi naletewa sahani barazani, Mama anabaki jikoni. Tangu Baba afariki ndiyo hivyo, na sikuwahi kuingia kuona sahani yake ina nini. Kumbe alikuwa anakula mlenda usio na chumvi kama alivyoelekezwa hospitali, na anameza vidonge vyake bila kuruka.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si wewe uliyesema mafuta yale yanazuia kiharusi? Baba yako kilimchukua angali kijana. Sasa nile mimi ambaye kimeshanipiga, wewe nikuache?"

Mimi niliyesoma nilikuwa bado nina wasiwasi, yeye aliniamini moja kwa moja.

Nesi anasema samaki si mbaya ila si dawa, chumvi ndiyo iliyoniponza, na labda nimerithi kwa Baba. Nirudi anipime tena kabla ya kuamua vidonge. Kuhusu omega tatu, mpaka sasa sijui. Asiyekula ndiye niliyekuwa nampima. Mzee Xavery nimempitia mbio tulipotoka pale. Kumbe hakuacha vidonge, anasema alikuwa anasubiri kwanza aone mimi nitafikia wapi.

Sasa dada, neno langu hasa ni hili. Wewe ni mtoto wa Baba kama mimi, na kichwa unasemaga kinakuuma. Nenda kapime, usiniambie una kazi. Samaki wa chumvi usitume tena. Mama anasema wa moshi wasiotiwa chumvi watapokelewa, na hapo akameza mate, maana migebuka anawapenda kuliko nyama. Na hilo nalo nilikuwa silijui.

Jioni hii nimeingia na sahani yangu jikoni. Mama akauliza kama nimekuja kukagua. Nikasema ndiyo. Mlenda haukuwa na ladha yoyote, tumeumaliza.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, Mungu awatunze wote. Mama anakusalimia sana. Anasema ukishapima umpigie yeye, siyo mimi.

Mdogo wako,
Octavian