Walichokikuta Tumboni mwa Chatu wa Mjomba

Jumamosi, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi bila huruma, upepo umeleta vumbi la Dutwa lote hapa Bariadi mjini, na mimi nina hasira.

Nianze na hilo, isije ikadhaniwa ni uchovu.

Kwa kawaida humu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni naandika mambo mepesi. Gemu gani vijana wanaligombania kwenye chumba cha nyuma cha stationery yangu, kwaya ipi imetoa albamu yenye kinanda kisichoeleweka, simu gani ya Kichina inatunza chaji na ipi inachemka mfukoni. Maoni tu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibisha. Nilidhani maoni ni kitu kisichomdhuru mtu: unasema chako, mwenzio anasema chake, mnacheka, mnalala.

Wiki hii nimeyaona maoni yakishika mapanga.

Mjomba wangu Maduhu, kaka yake mama, anaishi Dutwa. Ni mkulima wa pamba kama majirani zake, ila mavuno yakiisha anakuwa mtu mwingine. Anacheza ngoma ya nyoka. Kwa asiyetoka huku: pamba ikishavunwa, vikundi viwili vya ngoma vinashindana kwenye uwanja mmoja, kwa saa ile ile, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji ndio wanaoamua, tena kwa miguu yao. Upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kikundi kinatafuta kitu cha kuwavuta watu wawaache wale wengine wakicheza na vumbi. Wengine wanatembea juu ya miti mirefu, wengine wana mwimbaji mwenye matusi matamu. Mjomba ana chatu.

Alikuwa na chatu.

Anamkamata porini, anamfuga kwenye stoo ya pamba, anamlisha kuku, wakicheza misimu miwili mitatu anamrudisha alikomtoa na kutafuta mwingine. Alifundishwa na baba yake, naye na baba yake. Nikiwa mdogo nilivalishwa chatu shingoni kama watoto wengine wanavyovalishwa shanga, na wala sikuota ndoto mbaya.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa chuo, mgeni wa watu pale Dutwa, alimpiga mjomba picha uwanjani akaiweka kwenye kundi moja la mtandaoni. Aliandika tu kwamba huu ni utamaduni wa Simiyu. Watu waliipenda, ikapita. Sasa mwezi huu kuna mtu asiyejulikana kaikata ile picha. Ngoma zimeondoka, wachezaji wenzake wameondoka, umati umeondoka. Kabaki mzee mmoja na nyoka mkubwa, na chini yake maneno kwamba huyu ni tajiri wa siri wa Bariadi, kwamba nyoka wake anatapika noti usiku, na kwamba mtoto akipotea popote wilayani tujue kaenda kuliwa.

Tajiri. Mjomba Maduhu, ambaye baiskeli yake ina pedali moja.

Nilisoma maoni yote, na hilo nalijutia, kwa sababu macho hayasahau. Mmoja alisema ngoma za asili zote ni ibada ya shetani, na dakika hiyo hiyo juu yake alikuwa kaweka wimbo wa kukatika viuno akisema ndio muziki. Mwingine akasema ni walewale wanaocheza gemu, wote wamesajiliwa kuzimu. Mwingine yuko Dar, hajawahi kuvuka Morogoro, anaapa anamfahamu mzee huyo kwa jina. Nilijibu. Niliandika kwamba huyu ni kaka wa mama yangu, na nikauliza habari hii imetoka wapi. Nikajibiwa: mtandaoni. Nikasema huku si ndiko mtandaoni? Nikaambiwa kumbe na mimi ni wa kwao, na kwamba nimeanza kutetemeka.

Tangu milango ya biashara ifunguliwe kila kitu huku kimekuwa huria. Pamba ananunua yeyote mwenye mizani, redio anafungua yeyote mwenye mlingoti, kanisa anaanzisha yeyote mwenye spika. Silalamiki, bila hivyo hata hii stationery nisingekuwa nayo. Lakini sasa naona ukweli nao umeingizwa sokoni, na bei yake anapanga mwenye sauti kubwa.

Ningeacha hapo, nikapata hasira zangu za kawaida na kulala. Tatizo ni Mzee Yohana.

Mzee Yohana ni mzee wa kanisa pale Dutwa, kanisa analosali mke wa mjomba, na mimi pia nikienda kuwatembelea. Ni jirani yao, shamba kwa shamba. Mwanzoni mwa wiki alikuja hapa dukani na simu ya mwanawe, akataka nimtolee ile picha kwenye karatasi. Nikakataa. Nikamwambia, mzee, mtu huyu unamjua, uliwahi kusimama upande wake uwanjani ukipiga makofi. Akasema zamani hatukujua, sasa tumeelimika. Akaenda stationery ya jirani, akatolewa nakala nyingi.

Karatasi ina nguvu zake huku. Ambaye haamini simu anaamini karatasi.

Alhamisi mjomba akiwa kituoni anapimisha pamba, mke wake alinipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Njoo, watu wameingia stoo." Nikapanda pikipiki. Nilipofika, yule chatu alikuwa ameshakufa, amelazwa uani, na kijana mmoja anampasua tumbo kwa panga huku watu wamezunguka wakisubiri pesa. Nawajua wale watu. Wananunua vocha kwangu. Wawili niliwawekea nyimbo za Injili kwenye memori kadi juzi tu. Mzee Yohana alikuwa mbele kabisa, na ile karatasi mkononi, akielekeza wapi pakatwe.

Tumboni hamkuwa na noti. Hamkuwa na mtoto wa mtu. Mlikuwa na mayai.

Meupe, makubwa kuliko ya bata, ganda lake laini kama ngozi. Na hapo ndipo nikakumbuka mjomba aliniambia kwamba msimu huu hachezi naye, kwamba ni jike na ana mimba, pamba ikiisha kuuzwa atamrudisha porini akatagie kwao. Nilipiga kelele nikawaambia hivyo. Yule kijana akashusha panga, na mimi, mjinga mimi, nikadhani wameona aibu. Nikadhani yameisha.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema pesa amezihamisha.

Basi, ikawa hivyo. Nyoka kukutwa bila pesa ndio ushahidi kwamba pesa zipo. Hata sasa naandika vidole vinagonga kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Ungekuta noti moja, mjomba mchawi. Hukukuta kitu, mjomba mchawi mjanja. Niambieni basi angekutwa na nini ili awe mtu wa kawaida?

Wakatawanyika kwa haraka haraka, kila mmoja na njia yake. Mjomba aliporudi alikuta mke wake anafagia uwanja na mimi nimekaa juu ya kinu. Akamzunguka yule nyoka taratibu. Akachuchumaa, akaangalia ndani ya lile tumbo, akaangalia chini pande zote.

"Hela hawakuipata," akasema. "Haya, mayai wameyapeleka wapi?"

Hatukujua. Katika kule kutawanyika hakuna aliyeangalia. Mjomba alimzika chatu wake nyuma ya stoo peke yake, akakataa kusaidiwa.

Ijumaa ndipo sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuja na taarifa. Jumatatu kuna mkutano wa kijiji kuamua kama atengwe. Kwa wasiojua kutengwa: hakuna atakayemsalimia, hakuna atakayempa moto wala kumsaidia kulima, mke wake akienda kisimani wenzake wanaondoka, na atakayekutwa akiongea naye anatozwa ng'ombe. Watu hawafukuzwi, wanahama wenyewe. Mke wa mjomba amefunga mizigo, anataka waende Shishiyu kwa kaka yake kabla ya Jumatatu. Mjomba hataki. Anasema, "Nikitoka leo, nimekubali."

Na huko mtandaoni? Huko chatu ameshapostiwa, amelala na tumbo wazi. Wameandika mamilioni yamekutwa na yamekabidhiwa kwa wahusika. Watu wameandika Amina. Amina nyingi, na moyo, na mikono iliyofumbatwa. Yule wa Dar amesema yeye alisema.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, niseme nimevunjika moyo, nifunge kompyuta. Ila leo mchana nimepata mgeni.

Alikuja wakati vijana wa gemu wameenda kula. Mzee Yohana, na suti yake ya kanisani, ameshika kopo la mafuta ya kupikia lenye mfuniko. "Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. Nikapiga goti, nikamjibu. Hasira ni hasira, lakini mkubwa ni mkubwa, na magoti yangu yalifundishwa kabla yangu. Akaangalia nyuma, akaniomba nirudishe mlango kidogo.

Akafungua kopo. Ndani kuna pamba, pamba safi ya daraja la kwanza, ameipanga vizuri kama kitanda cha kichanga. Katikati ya pamba, yai.

Sikuelewa upesi. Nilidhani amekuja kulirudisha. Moyo wangu, nakiri, ulilainika, nikaanza hata kumtafutia kiti. Akaegemea meza, akashusha sauti.

"Nimesikia likikaa ndani ya nyumba linavuta riziki," akasema. "Nitazamie humo kwenye kompyuta, wanasema linatunzwaje?"

Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia muda mrefu.

Huyu ndiye aliyesambaza karatasi. Huyu ndiye aliyesema tumeelimika. Nyoka ni shetani, mwenye nyoka atengwe, ila yai la shetani lilazwe kwenye pamba, huenda likaleta hela. Na anataka chanzo. Leo ndio anataka chanzo! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kumrushia kopo, nikashindwa pia. Nikamuuliza wako wangapi wenye mayai. Akasema si yeye peke yake, kila mmoja alichukua lake, hata mwenyekiti wa sungusungu analo, ameliweka chini ya kitanda.

Mwenyekiti wa sungusungu. Anayeongoza mkutano wa Jumatatu.

Nilichukua mfuniko nikafunika kopo. Kisha nikalivuta upande wangu wa meza, nikaliwekea mkono juu.

"Mzee," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya chini kuliko nilivyotarajia, "kesho kwenye matangazo utasimama kanisani useme ulichokiona tumboni mwa yule nyoka. Useme hakukuwa na hela. Useme kwamba Maduhu alikuwa anamfuga nyoka mwenye mimba, basi."

Akasema ataaibika mbele ya watu.

"Mjomba atahama," nikasema. "Chagua."

Akaniuliza, asiposimama je? Nikamwambia nitasimama mimi, na sitaongea sana.

Aliliangalia kopo. Nilimwona mzee kweli kweli kwa mara ya kwanza: shingo nyembamba kwenye kola iliyochakaa, mtu aliyevuna vibaya mwaka huu na anayemwona jirani yake kavuna vizuri. Nilimhurumia. Halafu nikamkumbuka mke wa mjomba na ufagio wake, huruma ikakaa pembeni. Alirudisha kofia kichwani, akatoka, akaacha mlango wazi.

Sijui kama nimefanya vizuri. Mtu mzima nimemtishia, tena mzee wa kanisa, tena baada ya kumpigia goti. Mama angekuwa hai angenichapa, kisha angeniuliza kama nimelificha mahali pazuri. Sijui pia kama neno la mtu mmoja kanisani linaweza kushindana na Amina zote zile. Yule wa Dar hatakuwepo kanisani. Lakini watakaoamua Jumatatu watakuwepo, karibu wote, na nusu yao nyumbani wana kitu wamekilaza kwenye pamba.

Nimempigia mjomba simu nikamwomba asihame leo. Akasema hakuwa anahama. Sikumwambia nilichonacho.

Kesho ni Jumapili. Nitaondoka hapa mapema niwahi ibada ya kwanza Dutwa, nitakaa benchi la mbele kabisa, na kopo nitalipakata.