Aloys Kettenhofen, Uliyeyafundisha Magari ya Mbio Kusubiri

Mwaka umetimia, Baba, tangu Februari ile ya theluji ulipotutoka, na karakana yako hapa kwenye vilima vya Eifel, Ujerumani, bado inanukia mafuta ya injini na kahawa yako ya kuungua.

Wengine walikuita fundi tu. Sisi tulikuona ukipokea magari yaliyokimbia mashindano ya saa ishirini na nne, mapana, yaliyolala chini, yasiyojua taa nyekundu wala mtoto anayevuka barabara, ukayageuza mpaka yakapewa vibao vya namba na kutembea kihalali kati ya matrekta ya kijiji chetu. Uliyainua, ukayatia taa, honi na breki ya mkono, ukayapunguza kelele kwa eksozi mpya. "Kukimbia linajua tayari," ulikuwa ukisema. "Kulifundisha kusubiri, hapo ndipo kazi ilipo." Na wewe mwenyewe, Baba, hukuweza kusubiri hata supu ipoe!

Cheti cha mkaguzi hakikukutosha. Gari halikutoka mikononi mwako mpaka Mama aende nalo kununua mikate ya Jumapili asubuhi. Mara ya kwanza kabisa alirudi na mikate iliyopondeka, maana ulikumbuka kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka mfuko. Nani hula mkate mbioni? Tangu siku hiyo kila gari lilipata kishubaka kando ya kiti. Wateja walidhani ni cha glavu, nawe ukawaacha wadhani hivyo.

Jirani yetu Irmtrud alikuwa akikuvizia dirishani.

"Aloys! Jumapili ni siku ya Mungu!"

"Na mkate wa Jumapili je, ni wa nani? Nikuletee miwili?"

"Mitatu. Na uzime hilo zimwi lako!"

Gari la mwisho ndilo lililokuumiza kichwa. Ni lile jeupe uliloliona ujanani likikimbia mbio alfajiri, ukaapa kwamba siku moja litapita mbele ya kanisa letu. Mkaguzi, Bwana Deubner, alilikataa mara mbili. Lilizoea kupozwa na upepo wa mwendo kasi. Likisimama tu, linachemka.

"Mzee Kettenhofen, taa safi, breki safi. Lakini hapa naweza kuchemsha yai."

"Basi lete yai, moto usipotee bure."

Ulicheka mbele yake, lakini nyumbani hukugusa chakula. Kaka Gereon akataka kuipasua pua ya gari ili hewa ipite. Ukamkatalia katakata: "Pua ile imekata upepo usiku na mchana. Haiguswi, mwanangu." Ukalazwa kabla hujapata njia nyingine. Siku ya mwisho hospitalini hukuuliza habari za ugonjwa wako. Uliuliza, "Linasubiri?" Tukanyamaza, kwa kuwa lilikuwa bado, na ukimya ule umetutesa mwaka mzima.

Basi sikia, Baba. Pua haikuguswa. Gereon nami tulifunga feni mbili ubavuni, nyuma ya milango. Tukakosea, tukafungua, tukafunga upya hadi vidole vikachubuka. Mwezi uliopita Bwana Deubner aliliacha likinguruma papo hapo, akanywa kahawa, akaomba kikombe cha pili. Kisha akatia muhuri kwenye kibao cha namba, akavua kofia. "Mzee angenicheka leo," akasema.

Jumapili iliyofuata Mama alitoka nalo. Taa ya barabarani pale kanisani ilikuwa nyekundu. Alisubiri, nalo likasubiri. Akanunua mikate, akaiweka kishubakani, lakini hakurudi moja kwa moja. Alisimama kwenye lango la makaburi, pale kilimani juu ya nyumba yetu, akashusha kioo, akaiacha injini ingurume polepole ili nawe usikie. Gereon alipotaka kumwita kutoka uani, Irmtrud, aliyekuwa dirishani kama kawaida yake, akamzuia.

"Mwache," akasema, akijipangusa macho. "Leo halimsumbui mtu."

Tunajivuna kuwa wako, Baba: mkeo Roswitha, wanao Gereon na mimi Mechthild, wajukuu zako Lioba na Korbinian, na jirani yako Irmtrud, ambaye siku hizi tunampelekea mikate yake mitatu.

Ulituuliza, nasi sasa tunakujibu: ndiyo, Baba, linasubiri. Hatutakusahau milele.